Kona ya Mpodo

Isongole, alfajiri. Ukungu umelala njiani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Nina jembe, panga, chapati moja mfukoni.
Kazi yangu ni njia.

Mvua za Machi zikipita naikuta imechimbika,
mizizi nje kama mishipa ya mkono wa mama.
Nachonga mifereji, maji yatoke pembeni kwa adabu,
napanga mawe, nalaza gogo,
ili anayepanda Rungwe apande kwa miguu
na si kwa magoti.

Siku hizi wanakuja na baiskeli.
Si Foniksi ya baba, iliyobeba magunia mawili ya viazi,
breki yake kipande cha tairi na sala ya sauti kubwa.
Hizi zina springi mbele, springi nyuma,
na hupandishwa mlima kwa gari
ili zipate kushuka.
Baba angecheka mpaka akae chini.

Jumanne akaja Gwakisa wa ofisi ya misitu,
kidude cha satelaiti mkononi.
"Mama Ambwene, hapa pana kona ya bure.
Kijana wa Dodoma kavunjika bega.
Tuinyooshe."

Nikatazama.
Kweli, njia inatoka kwenye mianzi imenyooka,
halafu ghafla inashika kushoto,
inachora nusu ya sahani
kukwepa nyasi tupu.

Nyasi tupu, Gwakisa?

Hapa uliangukia mpodo
mwaka nilioolewa.
Ulilala ukaikata njia, mnene kuliko kimo changu,
wanaume wakasema kesho wataleta msumeno.
Kesho ile sijaiona.
Sisi tulikuwa na kuni kichwani,
kuni hazingoji msumeno,
tukazunguka.
Nyayo juu ya nyayo, majani yakalala,
yakafa, ikawa njia.

Tuliegemeza mizigo kwenye gogo lile.
Atuganile alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka,
na habari zote za Isongole
zilifunguliwa pale kabla ya kamba za kuni.
Kisha mchwa wakaingia. Kisha uyoga:
misimu mitatu tulichuma, tukalia ugali,
mti mzima tukaumaliza kwa matonge.
Kilichobaki kilibebwa na mvua.
Hakuna aliyesema sasa tupite katikati.

Atuganile naye hayupo.
Nikienda kwake bado nazungukia nyuma ya jiko
nisimkanyagie maboga,
na maboga yenyewe hayajapandwa
tangu tumzike.

Haya yote sikumwambia Gwakisa.
Nilimwambia: nipe siku nne.

Nikachimba upande wa ndani, nikajaza upande wa nje,
udongo mwekundu, kokoto, udongo tena,
nikashindilia kwa kisigino na kwa mgongo wa jembe
mpaka ukingo ukainuka ukalala kidogo,
kama mbeleko inayompokea mtoto.
Siku ya tatu ilinyesha. Nilianza karibu upya.
Mgongo ulinitukana kwa Kinyakyusa.

Jumatatu nikakaa juu ya jiwe na chapati yangu.
Kwanza ndege wakanyamaza, halafu mnyororo,
halafu msichana mwenye kofia ya njano
akatoka kwenye mianzi kama aliyerushwa.
Nikaacha kutafuna.
Tairi likaukamata ukingo,
akainama, goti karibu liguse majani,
akazunguka, akazunguka,
akapiga ukelele mmoja ambao kima waliujibu,
akapotea chini kuelekea mashambani.

Gwakisa akafungua daftari.
"Hapa tupaandikeje kwenye ramani?"

Kona ya Mpodo, nikasema.

Akageuka kulia, akageuka kushoto,
kalamu hewani.
"Mpodo upi?"

Nikamkatia nusu ya chapati.
Nikachukua jembe.
Kule juu kuna mifereji imeziba.